Mikono ya Koti la Askari

Yule askari wa kwenye sinema alivaa uongo, na mimi ndiye niliyelisema hilo mbele za watu. Laiti ningefunga mdomo wangu siku ile, baba yangu angezeekea kwenye kahawa yake.

Naitwa Sirili, fundi cherehani. Mwaka 1971 nilikuwa nakaa kwenye baraza la duka la vitambaa la Firoz, mjini Moshi, nikishona kaptula za wanafunzi na magauni ya Jumapili. Watu walinijua kwa kufumua. Mshono ukienda upande hata kidogo, nafumua na kuanza upya, mteja asubiri asisubiri shauri yake. Firoz alikuwa akinitania kwamba mimi nala kwa mkasi, sili kwa sindano, na nilipenda aseme hivyo wateja wakisikia. Nilikuwa pia na daftari la vipimo, kila mteja na ukurasa wake, nikijivuna kwamba sijawahi kumpima mtu mara mbili. Kiburi hicho ndicho kilichotufikisha tulipofika. Wengine sina la kuwalaumu, labda mmoja tu, na huyo nitamfikia.

Kwetu ni Uru. Kihamba chetu, shamba la urithi wa ukoo, kilikuwa na migomba na kahawa, mfereji wa maji ukipita upande wa juu. Huko juu ndiko alikokaa baba yangu, Aloisi, peke yake tangu mama alipofariki. Upande wa chini alikaa mdogo wake, Wenseslaus, pamoja na mama yao, Bibi Theopista. Katikati ulikuwa mstari wa masale, ile mimea ya majani marefu tunayopanda kwenye mipaka. Babu aliupanda kwa mkono wake kabla hajafariki mwaka 1958. Baba mdogo Wenseslaus alikuwa na watoto wa kiume watano, na sehemu yake haikuwatosha. Kila mavuno yakiisha alikwenda kwa wazee wa ukoo kudai kwamba mpaka ule ulimpunja, nao walimjibu neno lilelile: Aloisi ni mzaliwa wa kwanza wa marehemu, na alichopewa na baba yake hakigawanywi tena. Neno hilo tu ndilo lililomlinda baba. Hakuwa na hati wala ardhi nyingine popote duniani.

Mwezi wa saba gari la sinema la serikali lilipanda hadi uwanja wa shule yetu. Walitundika shuka jeupe, watu wakajaa mpaka juu ya miti. Ilikuwa hadithi ya vita vya Mjerumani na Mwingereza, na ndani yake askari mmoja mweusi, mrefu, aliyekuwa akipiga saluti kwa namna iliyowatia vijana wazimu. Bibi Theopista alikaa mbele kabisa kwenye kigoda chake, mikono magotini. Askari yule alipotokea mara ya kwanza, bibi aliguna.

"Miguu yake iko uchi," alisema.

Niliangalia. Askari alikuwa amevaa kaptula na soksi. Sikuelewa, lakini neno lile sikulisahau.

Wiki chache baadaye Mwalimu Priska alinifuata mjini. Alikuwa mwalimu wa darasa la saba, na Vijana wa TANU walikuwa wamempa kazi ya kutayarisha mchezo wa kuigiza kwa ajili ya sherehe za miaka kumi ya Uhuru. Alitaka askari wa Mjerumani katika onyesho la kwanza.

"Nishonee kama yule wa kwenye sinema," alisema. "Watu wote walimpenda."

"Yule alivaa uongo, Mwalimu," nilimjibu, na Firoz akacheka kule ndani, maana alijua ninavyoanza. "Miguu yake ilikuwa uchi. Mimi nitakushonea askari wa kweli, mpaka kifungo cha mwisho. Kwetu yupo mtu aliyewaona kwa macho."

Wateja watatu walikuwa barazani, nao wakasikia. Hapo nikawa nimejifunga mwenyewe.

Jumapili iliyofuata nilipanda Uru na daftari langu. Bibi alikuwa amekaa uani akimenya ndizi za mtori. Nilimwamkia, nikakaa chini, nikamwambia ninachotaka. Nilidhani atanifukuza, maana wazee wetu hawapendi kusimulia habari za Mjerumani. Badala yake aliweka kisu chini, akafuta mikono kwenye kanga, akatazama migomba kwa muda.

"Kofia," alisema. "Uliona kofia ya yule? Kama ya karani wa posta. Ya kwao ilikuwa tarabushi, imevalishwa kaki, na kitambaa kinaning'inia nyuma kukinga shingo. Mbele kuna ndege wa bati."

Nikaandika. Akanipa rangi ya kaki, siyo hii ya njano ya siku hizi, bali iliyofifia kwa kufuliwa na magadi. Alinipa vifungo, vingapi na vinakaa wapi, na mifuko ya kifuani. Na miguuni, vitambaa virefu vya buluu vilivyozungushwa kutoka kwenye kifundo hadi chini ya goti. Ndiyo maana alisema yule wa sinema yuko uchi. Alisema yote hayo taratibu, bila kutafuta, na uso wake ulikuwa umechangamka kwa namna ambayo sikuwahi kuiona.

Nilishona mwezi mzima. Firoz alinitafutia kaki dukani kwake, nami nikaichemsha mara tatu mpaka ikafifia vizuri. Ndege nilimkata kwenye debe la mafuta. Kila Jumapili nilimpelekea bibi koti, naye akalikagua kuliko mteja yeyote niliyewahi kumshonea.

"Mikono mifupi," alisema mara ya kwanza.

"Bibi, nimempima Gidioni mwenyewe, kijana atakayeigiza. Inchi ishirini na tatu."

"Mimi sikuambii habari za Gidioni. Umesema unataka askari wa kweli. Ongeza mpaka hapa." Akanigusa mkono kuonyesha. Nilipima: ishirini na sita.

Jumapili nyingine alitaka mabega yapanuliwe. Nyingine tena alishika bega la kushoto, akalivuta chini.

"Hili lilale kidogo."

"Kwa nini lilale?"

Alilipapasa tena bega lile. "Bunduki," alisema. "Walibeba bunduki."

Nikaona akili hiyo. Nani mwingine angefikiria bunduki inavyolaza bega la mtu? Nikafumua, nikalaza bega nusu inchi, nikajiona fundi wa mafundi. Gidioni alipolivaa, mikono ilimfika kwenye vidole na bega likamning'inia kama gunia. Mwalimu Priska alikunja uso. Nikamwambia historia haimfuati Gidioni, Gidioni aifuate historia, na nikamkunjia mikono kwa pini.

Kilichobaki ni vitambaa vya miguuni. Hivyo vilinishinda kabisa. Nilizungusha kutoka chini kwenda juu, nikazungusha kutoka juu kwenda chini, nikabana kwa pini. Gidioni akipiga hatua kumi vinafunguka na kuburuzika nyuma yake, watoto wanaangua vicheko. Siku tatu kabla ya sherehe nilipanda kwa bibi nikiwa nimekasirika.

"Vinafunguka," nilimwambia. "Haiwezekani walitembea navyo mpaka baharini."

"Kaa," alisema.

Nilikaa kwenye kigoda chake. Yeye, mwanamke wa miaka sabini na zaidi, akapiga magoti mbele yangu, akaweka mguu wangu kwenye paja lake. Alianzia kwenye kifundo. Kila alipofika mbele, kwenye ugoko, alikigeuza kitambaa, kikakunjika kidogo, na mkunjo ukabana mzunguko uliotangulia. Mikono yake haikusita hata mara moja. Juu, chini ya goti, alifunga upande wa nje, kisha akapenyeza vidole viwili chini ya fundo kuona kama limebana mno.

"Fundo liwe nje," alisema. "Likiwa ndani litamuumiza akichuchumaa motoni."

Alibaki ameshika mguu wangu kitambo. Nikamwambia asante, bibi, sasa nimejua. Nilisimama, nikaruka, nikakimbia mpaka kwenye masale na kurudi. Havikufunguka. Nilifurahi kama mtoto, na nilipogeuka yeye alikuwa bado amepiga magoti palepale.

Mtu mwingine yeyote mwenye akili timamu angejiuliza. Mimi nilikuwa nawaza sherehe.

Tarehe tisa Desemba uwanja ulifurika. Gidioni alitoka akipiga hatua, tarabushi kichwani, ndege wa bati akimetameta, miguu ya buluu imekaza. Wazee watatu wanne waliokuwa wadogo enzi zile waliinuka kwenye viti vyao, na mzee mmoja akaondoka kabisa. Mchezo ulimalizika kwa wimbo kwamba binadamu wote ni ndugu, sisi sote tukaimba, na baba mdogo Wenseslaus, mwenye sauti nzuri ya kwaya, aliimba kuliko wote.

Baadaye tulikaa kwa Wenseslaus kunywa mbege, ukoo mzima na majirani. Baba alikuwepo, amekaa kimya kama kawaida yake. Kata ya mbege ilizunguka, sifa zikanijia kutoka kila upande. Ndipo Meku Efraimu, mzee jirani yetu, aliponiuliza.

"Sirili, vile vitambaa vya miguu. Mimi niliwaona askari nikiwa mvulana, lakini kuvifunga sijui. Umejifunzia wapi?"

Ningeweza kusema nimebahatisha. Hapana. Nilisimama, nikaweka mguu kwenye benchi, nikawaonyesha.

"Bibi alinifunga mwenyewe," nilisema. "Unageuza kwenye ugoko, kila mzunguko. Fundo unaweka nje, lisimuumize akichuchumaa motoni. Halafu unapenyeza vidole viwili, hivi, kuona kama kumebana. Bibi anajua kila kitu. Mpaka bega la mtu lilivyolala anajua."

Nilikuwa bado nacheka nilipoona kwamba nacheka peke yangu. Meku Efraimu aliitazama kata mkononi mwake.

"Sisi tuliwaona barabarani tu," alisema polepole. Alikuwa mzee mwema, nadhani yalimtoka bila kukusudia.

Bibi alikuwa mlangoni amebeba sahani. Aliiweka chini na kuingia ndani. Wenseslaus hakumfuata kwa macho. Alikuwa anamwangalia baba yangu, na midomo yake ilikuwa inacheza. Alikuwa anahesabu miezi. Wajerumani waliondoka Moshi mwezi wa tatu 1916. Cheti cha ubatizo cha baba, kila mtu alijua, kilisema Novemba mwaka huohuo, na babu alimwoa bibi wakati wa mvua za masika.

Kikao cha ukoo kiliitwa wiki mbili baadaye. Nilikuwepo, na kila nikikumbuka natamani ningekuwa kiziwi. Walimkalisha bibi kwenye kiti katikati ya wanaume kumi na wanne, Wenseslaus akamuuliza mwenyewe. Bibi hakukana. Alisema alikuwa amebeba ndizi za kupeleka kambini alipochukuliwa na askari mmoja, akakaa huko miezi mitano. Mwanzo alilia, baadaye hakulia tena. Kila alfajiri alimfunga yule mtu vitambaa vya miguu. Wakaondoka kuelekea kusini, na yeye akarudi nyumbani.

"Marehemu alijua," alisema. "Nilimwambia kabla hajanioa. Akasema mtoto atakayezaliwa nyumbani kwake ni wake. Akampa jina, akampandia mpaka."

"Nani alimsikia akisema hayo?" Wenseslaus aliuliza.

"Mimi."

"Mwingine?"

Hakukuwa na mwingine. Kisha bibi akanitafuta kwa macho mpaka akanipata kule nyuma nilikokuwa nimejibanza.

"Usijilaumu, mwanangu," aliniambia mbele yao wote. "Miaka hamsini na mitano hakuna aliyewahi kuniuliza alivaaje."

Wazee waligawanyika. Wengine walisema neno la marehemu linatosha, mtoto ni wa mwenye nyumba, ndiyo desturi. Wengine walisema desturi hiyo inahitaji shahidi. Wangeweza kubishana mwaka mzima, na baba angekaa pale mwaka mzima. Lakini baba yangu hakuwa mtu wa kukaa mahali anapobishaniwa. Asubuhi iliyofuata alikata jani la masale, akalifunga fundo kama inavyotakiwa, akavuka mpaka kwenda kwa mdogo wake kumwomba. Hakuomba kihamba chote. Aliomba nyumba na ile mistari minne ya kahawa aliyoipanda alipooa.

Kwetu mtu akija na jani la masale hakataliwi. Watu wamesameheana damu iliyomwagika kwa jani hilo. Wenseslaus alisimama mlangoni, mikono nyuma ya mgongo, akamwambia, "Jani hili ni la watu wa ukoo. Wewe umelipata wapi?"

Baba alisimama kidogo na jani lake. Kisha akaliweka chini, taratibu, kana kwamba linaweza kuvunjika, akarudi kufunga mizigo. Nilikuwa hatua kumi nyuma yake. Huyo ndiye mmoja niliyesema nitamfikia, na hata leo tukikutana naye njiani namwamkia kwa kuwa nililelewa hivyo, lakini moyoni sina shikamoo yake.

Waliteremka wote wawili, baba na bibi, maana bibi alikataa kubaki na Wenseslaus. Niliwapangia chumba Njoro, pale mjini, karibu na changu. Baba alikuwa na miaka hamsini na mitano na hakujua la kufanya na mikono yake. Aliamka kabla ya jua, akasimama uani pa watu akitazama mlima, kisha akarudi ndani kukaa. Msimu wa kuchuma kahawa ulipofika hakutaka hata kusikia neno hilo likitajwa. Bibi alikuwa ameshatutoka kabla ya hapo, mwezi wa nne, katikati ya mvua. Alikohoa siku nane tu. Nilipanda Uru kuomba azikwe kwenye kihamba, kando ya mume wake. Wenseslaus alisema yeye hana neno, ila wanawe wameshapanda migomba mahali pale. Tukamzika makaburi ya mjini, kati ya watu tusiowajua majina. Mwanamke wa Uru, mjane wa mwenye kihamba, akalazwa kwenye safu kwa namba. Nilitupa udongo na nilitaka kuingia mwenyewe.

Wiki mbili baada ya mazishi baba alikuja barazani. Hakuwahi kuja kazini kwangu. Firoz alitoka kumpa pole, akamletea kiti na chai, akarudi ndani bila maneno mengi. Baba hakuigusa chai. Alikuwa anaangalia ukutani, kwenye msumari, ambako lilining'inia lile koti. Mwalimu Priska alikuwa amelirudisha kwa sababu hakupatikana kijana ambaye lingemkaa.

"Ndilo lile?"

"Ndilo, baba."

"Nivalishe."

Nilitaka kukataa, lakini alikuwa ameshasimama na kuvua koti lake. Nilichomoa pini zote nilizombania Gidioni, nikamwingiza mkono mmoja, kisha wa pili. Nikazunguka mbele kumfunga vifungo.

Mikono ya koti ilifika kwenye mfupa wa kiganja, sawasawa. Mabega yalikaa. Na bega la kushoto, lile nililolilaza nusu inchi nikidhani ni mambo ya bunduki, liliteremka na bega lake kama ngozi yake mwenyewe. Miaka yote nilikuwa nikitia pamba chini ya bega hilo kwenye makoti yake ya kanisani ili lionekane sawa na lenzake. Mkono inchi ishirini na sita: namba hiyo ilikuwa kwenye daftari langu tangu 1966, ukurasa wenye jina la baba. Niliiandika mara ya pili kwa kalamu ileile, na sikuona kitu. Bibi hakuwa ananisimulia habari za askari wa Mjerumani. Alikuwa ananipimia mtu mmoja.

Baba alijiangalia kwenye kioo cha wateja. Akageuka upande, akageuka tena.

"Kumbe ndivyo alivyokuwa," alisema.

Nilimwambia anisamehe. Nilisema kwa sauti, pale barazani, wapita njia wakiniona nalia. Sijui kama alinisikia. Alikaa kwenye kiti, akakunja suruali yake hadi gotini, akanyoosha mguu.

"Na vya miguuni," alisema.

Nilivitoa kwenye boksi. Nilipiga magoti, nikaweka mguu wa baba yangu kwenye paja langu, nikaanzia kwenye kifundo. Niligeuza kitambaa kwenye ugoko kila mzunguko kama nilivyofundishwa. Fundo nikaliweka nje, nikapenyeza vidole viwili. Nikafanya na mguu wa pili. Alipoinuka alitembea mpaka mwisho wa baraza, akasimama huko akitazama juu, upande wa Uru, akarudi. Vitambaa havikufunguka.